Koki ya Tangi la Tatu

Saa nne asubuhi king'ora cha kiwanda kililia nje ya wakati wake, na wafanyakazi hamsini na ushee wakaacha walichokuwa wakifanya, wakajipanga uani kati ya ukumbi wa matangi na rundo la kreti. Injinia alipanda juu ya mizani ya kupimia magunia ya kimea ili aonekane. Mkononi alishika glasi ya bia iliyojaa hadi ukingoni. Povu lake lilikuwa limeshakufa.

"Mpishi wa bia aje mbele," alisema.

Aliyeitwa alikuwa mwanamke wa miaka arobaini na sita, mwembamba, mwenye buti za mpira zilizomzidi miguu. Pale kiwandani walimwita Ulimi. Jina hilo alipewa na marehemu mwenye kiwanda, babake Injinia, aliyezoea kuwaambia wageni kwamba hata mashine zote zife, yeye bado anao ulimi mmoja. Na haikuwa sifa ya bure. Ulimi angeonja funda moja la bia akakwambia kimea kilikaangwa kupita kiasi, au maji yalimwagiwa hamira kabla hayajapoa sawasawa, au mpira wa kupitishia bia haukuoshwa juzi. Ndiye aliyeifanya bia ya kiwanda kile iwe ileile Jumatatu na Ijumaa, kiangazi na masika, mwaka hata mwaka.

Lakini kwa miezi miwili bia ilikuwa imeanza kuwa kigeugeu. Wiki hii safi, wiki ijayo chachu. Asubuhi ile kreti arobaini zilikuwa zimerudishwa na hoteli moja kubwa, na mwenye hoteli alipiga simu kusema maneno ambayo Injinia hakuwahi kuambiwa tangu arithi kiti cha baba yake.

"Bosi, nilikuwa nakuja ofisini kwako sasa hivi," Ulimi alisema alipofika mbele. "Nimeonja tangi moja moja tangu saa kumi na mbili. Nimeshajua..."

"Sikukuita uongee. Nimekuita unywe." Injinia alimnyooshea glasi. "Hii ndiyo uliyowapikia wateja wangu. Kunywa, nasi tukuone."

Kutoka safu ya nyuma Bi Chupa, mama mtu mzima aliyekuwa akiosha chupa pale tangu enzi za mashine za mkono, alisema kwa sauti ndogo, "Mwanangu, usinywe." Hakuna mwingine aliyesema neno.

Ulimi aligeuza macho kumtafuta mumewe. Hakuwa mbali. Alikuwa dereva wa lori la kusambaza bia, na lori lilikuwa limeegeshwa hatua kumi tu kutoka kwenye mizani, naye amesimama kando yake na funguo mkononi. Macho yao yalikutana. Kisha mumewe akachuchumaa, akaanza kukagua tairi la mbele, akilibonyezabonyeza kwa kidole gumba kama mtu aliyeona msumari.

Basi akanywa. Hakunywa kwa pupa wala hakusitasita; alimeza funda kwa funda mpaka chini. Na hata katika aibu ile ulimi wake uliendelea na kazi yake. Uliukuta uchachu wa maziwa yaliyolala, na nyuma ya uchachu harufu ya mpira uliooza. Ilikuwa ladha ileile aliyoikuta asubuhi katika tangi la tatu, na katika tangi la tatu tu.

"Sasa umejua ladha ya kazi yako," Injinia alisema. "Daftari lako la mapishi liache hapa, ni mali ya kiwanda. Na buti pia."

Akazivua. Akazisimamisha sambamba mbele ya mizani, akatoka getini peku kwenye changarawe, na hakutazama nyuma.

*

Mumewe alirudi saa kumi jioni na kandambili za mkewe, alizoziacha kiwandani, ndani ya mfuko wa plastiki. Aliziweka mlangoni kwa upole, kama anayerudisha kitu cha kuazima.

Nyumba yao ilikuwa ya vyumba viwili na ukumbi mwembamba. Pacha wao walikuwa chuoni, mbali, kwa hiyo kelele pekee mle ndani ilikuwa ya bomba la jikoni. Ulimi alikuwa amekaa mezani, miguu ndani ya beseni la maji ya chumvi.

"Mama watoto," mumewe alianza.

Mkewe aliendelea kusugua nyayo zake.

"Ningesema nini pale? Nifikirie na mimi. Ningefungua mdomo tungefukuzwa wote wawili, halafu watoto wale nini? Mmoja wetu ilibidi abaki na akili."

"Umebaki nayo."

"Yule kijana ana hasira za kitoto. Zitashuka. Nitazungumza naye taratibu, siku akiwa ametulia."

"Ulikuta nini kwenye tairi?"

"Hakukuwa na kitu."

Ulimi alitoa mguu mmoja kwenye beseni, akaukausha, kisha wa pili. "Chai iko kwenye chupa, Dereva," alisema.

Kwa miaka ishirini na miwili alikuwa akimwita baba watoto. Jina lile jipya lilimgonga mume kama kofi, lakini alilimeza, akaenda kumimina chai. Alidhani ni la siku moja.

*

Upande wa pili wa soko kulikuwa na baa ya mwanamke aliyeitwa Mama Kaunta, mnene, mcheshi, asiyekopesha mtu wala kununiana na mtu. Nyuma ya baa alikuwa na banda lenye sufuria kubwa mbili, mapipa sita ya bati lisiloshika kutu, na ndoto ya kupika bia yake mwenyewe. Ndoto hiyo ilikuwa imemshinda. Pipa moja likitoka vizuri, la pili linatoka kama maji ya kuoshea vyombo.

"Mimi nafuata kanuni ileile kila mara," alimlalamikia Ulimi, aliyekuja kutafuta kazi. "Kimea kilekile, maji yaleyale. Basi mbona kila siku inazaliwa na sura ya baba mwingine?"

Ulimi alichungulia mapipa, akapitisha kidole ndani ya mdomo wa mpira, akakinusa. "Hamira umeirudia mara ngapi?"

"Sijahesabu."

"Na joto unapima na nini?"

Mama Kaunta aliinua kiwiko chake. Wote wawili wakacheka, na ilikuwa mara ya kwanza Ulimi kucheka tangu siku ya glasi.

Alianza kazi siku hiyo hiyo. Wiki mbili za kwanza hakupika hata tone, aliosha. Alifungua kila kiungo cha bomba, akachokonoa kila kona kwa brashi ya mswaki, akapitisha maji ya moto yanayochemka na kuyaacha yakae. Kisha alinunua kipimajoto, akaandika kwenye ukuta kwa chaki: joto la kumwagia hamira, saa za kuchacha, siku ya kushusha joto. Hamira ikirudiwa mara tano, inamwagwa. Upishi wa kwanza ulitoka mzuri. Wa pili ulitoka sawa na wa kwanza, na wa tatu ulipotoka, Mama Kaunta aliweka glasi tatu kaunta, akawafunga macho walevi wake watatu hodari, na hakuna aliyeweza kusema ipi ni ipi.

"Sasa," Mama Kaunta alisema, "nimejua kwa nini yule mzee alikuwa anakusifu hata kwenye mazishi ya watu."

Ulimi hakufurahi kama ilivyopasa. Kila alipokaza kiungo cha bomba kwa spana, alikuwa akifikiri juu ya kiungo kingine, ng'ambo ya soko. Chini ya tangi la tatu la kiwanda palikuwa na koki ya shaba, na ndani ya koki ile raba ya duara, ndogo kama pete ya kidoleni, iliyopasuka. Ufa wake ulihifadhi uozo mahali ambapo maji ya kuoshea hayafiki, na kila bia iliyopita pale iliambukizwa. Kisha bia ya matangi yote ilichanganywa kabla ya kujazwa kwenye chupa, kwa hiyo tangi moja liliharibu kazi ya matangi sita. Mara tatu alikuwa ameomba raba mpya za koki zote. Mara tatu Injinia alimwambia aandike barua.

Mashine mpya ya kupimia bia aliyoinunua Injinia ilipima sukari na kileo. Uchachu haikuujua. Na lile daftari alilompokonya lilikuwa na kila kitu isipokuwa ugunduzi wa asubuhi ile, ambao haukuwahi kupata nafasi ya kuandikwa.

"Na ukae palepale," Ulimi aliiambia raba kimoyomoyo, kama mtu anayemlisha mbwa wake kwa siri. "Kula taratibu."

*

Mwezi wa tatu tangu siku ya glasi, Dereva alianza kurudi nyumbani mapema. Safari za lori zilipungua kutoka sita kwa wiki hadi mbili. Alizoea kukaa mlangoni na redio isiyowashwa.

"Amebadilisha kimea," alisema siku moja mkewe akipepeta mchele. "Amebadilisha hamira. Ameleta mtaalamu kutoka mbali, kapima maji siku nzima, kaondoka na posho. Bia bado ni ileile. Leo wametema mbele yangu, mama watoto. Nimeshusha kreti, mwenye baa kafungua chupa, kaonja, kaitemea karibu na kiatu changu."

"Karibu na kiatu si kwenye kiatu."

Dereva alimgeukia. "Unajua tatizo liko wapi."

"Najua."

"Tangu lini?"

"Tangu siku uliyokagua tairi."

Dereva alisimama. Mikono yake ilitafuta pa kukaa, ikaishia mifukoni. "Basi niambie. Sitasema ni wewe."

"Hilo ndilo unaloliweza, kutosema." Aliweka ungo chini. "Sikiliza. Kesho wakijipanga asubuhi, nenda kasimame mbele yao. Sema ulichopaswa kusema siku ile. Sema, yule ni mke wangu, na hakustahili. Maneno hayo tu. Ukirudi hapa nitakuambia tatizo lote, na utalitengeneza kwa mikono yako mwenyewe, uwe shujaa wao."

"Miezi mitatu imepita. Nani anakumbuka?"

"Mimi."

Kesho yake alirudi bila kutazamana naye. Alisema Injinia hakuwa na siku nzuri. Siku iliyofuata hakusema kitu. Mkewe hakuuliza. Alimwekea chakula, akamwita mezani kwa jina la kazi yake.

*

Wa kwanza kupunguzwa kazini alikuwa Bi Chupa. Alikuja bandani kwa Ulimi saa sita mchana, kanga imemlegea begani, akakaa juu ya gunia la kimea bila kukaribishwa.

"Wameniambia chupa za kuosha hazitoshi mikono kumi," alisema. "Wamenipa sabuni boksi moja na mkono wa kwaheri. Umri wangu huu, mwanangu, nani atanipa chupa zake?"

Ulimi aliacha brashi.

"Wanasema wewe unajua," Bi Chupa aliendelea. "Mumeo kamwambia mwenzake wa lori, naye kawaambia wengine. Ni kweli?"

"Kweli, bibi."

"Basi nikuulize. Mimi nilikukosea wapi?"

Hapo Ulimi alitazama sakafu yenye maji, mapovu ya sabuni yakielea kuelekea mfereji. Aliweza kuinuka saa ile, avuke soko, aingie kwenye lile geti, aseme maneno manne, kisha arudi. Alilifikiria jambo hilo kwa ukweli kabisa. Halafu akaiona glasi, akawaona watu hamsini wakitazama koo lake linavyopanda na kushuka.

"Kesho njoo hapa," alisema. "Mapipa yanahitaji mtu anayejua kuosha. Nimeshamwambia Mama Kaunta." Hakuwa amemwambia, lakini alijua atakubali.

Bi Chupa alijitanda upya kanga yake. "Nitakuja, maana sina pengine. Lakini mwenzio nilitarajia utasema kitu kingine."

*

Injinia mwenyewe alikuja mwezi wa tano, Jumamosi mchana, baa ikiwa imejaa. Alikuwa amekonda na shati lake halikupigwa pasi. Alikaa kwenye stuli ya kaunta, akaagiza bia ya nyumbani. Akainywa nusu, akaagiza nyingine kutoka pipa jingine. Akaziweka pamoja, akaonja hii, akaonja ile.

"Hizi zimepikwa siku moja?" alimuuliza Ulimi, aliyekuwa amesimama upande wa pili na taulo begani.

"Zimepishana wiki tatu."

Alitikisa kichwa taratibu. Baadhi ya wanywaji walimtambua, wakaanza kuteta.

"Rudi kazini," alisema. "Nitakupa cheo. Mpishi mkuu, ofisi yako, daftari lako. Nilikosea siku ile. Nilikuwa nimetukanwa na mwenye hoteli, nikatafuta wa kumpasia matusi."

"Ukanipata mimi."

"Ndiyo. Samahani." Aliisema kwa sauti ya chini, akitazama glasi.

"Mbona unaninong'oneza? Ulinitukana juu ya mizani."

Injinia alitazama nyuma yake, akaona meza zote zimeacha kunywa. Samahani hakuirudia kwa sauti. Badala yake alisema, "Fikiria wale watu. Wamebaki thelathini na mbili. Wana familia."

"Nawafikiria kila siku. Walikuwa hamsini na ushee wakati wananitazama. Aliyesema neno ni mmoja, na huyo yuko nyuma hapo anaosha mapipa, umemfukuza wewe mwenyewe." Ulimi alifuta kaunta mbele yake pasipo na uchafu. "Asubuhi ile nilikuja na dawa mdomoni, bosi. Ukanipa bia juu yake, nikaimeza na dawa yote. Sasa umalizie glasi zako. Tunahitaji stuli."

Aliondoka bila kumaliza. Mama Kaunta, aliyekuwa amesikia yote, alimwaga mabaki kwenye sinki. "Umemkata kweli," alisema. "Sijui kama nimependa, lakini umemkata."

*

Kiwanda kilifungwa kabla ya mwaka kuisha. Vifaa viliuzwa uani palepale kwa yeyote aliyefika na usafiri. Mama Kaunta alitaka tangi moja la kukuzia kazi yake, na Ulimi akamwambia anunue la tatu, ambalo wengine walilikwepa kwa uvumi kwamba lina nuksi. Wafanyakazi wa zamani walikuwa wamekuja kubeba mizigo kwa ujira wa siku, Dereva akiwa mmoja wao. Injinia alisimama kivulini na karatasi za mauzo.

Kabla tangi halijapakiwa, Ulimi aliomba spana. Alipiga magoti chini yake, akafungua koki ya shaba, akachokoa ndani kwa kucha, akatoa raba. Ilikuwa nyeusi, imepasuka, ina utelezi wa kijivu. Harufu yake iliwafikia waliokuwa karibu wakageuza nyuso.

Alikwenda nayo hadi kivulini, akaufungua mkono wa Injinia kama unavyofungua mkono wa mtoto, akaiweka katikati ya kiganja.

"Hii," alisema. "Nilikuomba mara tatu."

Injinia aliitazama. Akainusa. Watu wote walikuwa wamesimama wakimwangalia, na hakuna aliyesema neno. Alikunja kiganja, akaingia ofisini kwake kutupu, akafunga mlango. Walimsikia akigonga kitu mara moja, pengine ukuta, pengine kichwa chake. Ulimi alisimama akisikiliza hadi kukawa kimya, na ndani yake ikapita raha kali, baridi, iliyomshukia mpaka miguuni. Hakuionea aibu.

Dereva alishika usukani wa gari la kukodi, wakarudi na tangi. Walipofika kwenye taa za soko ndipo akasema.

"Raba tu?"

"Raba tu."

"Ningeibadilisha mwenyewe. Dakika kumi. Ungeninong'oneza, usingepungukiwa na kitu."

"Najua."

"Basi hukuwa unamwadhibu yule kijana peke yake."

"Yule ni mtoto wa watu," Ulimi alisema, macho kwenye barabara. "Hanidai wala simdai. Wewe ulikuwa wangu."

*

Baada ya hapo kazi ilikuwa moja tu kwa mtu wa rika la Dereva asiye na lori. Mama Kaunta alimpokea kwa sababu ya mkewe, na mkewe akampangia kuosha tangi jipya. Alipewa buti za mpira, brashi ya mpini mrefu, na karatasi ya maelezo iliyobandikwa ukutani. Kazi aliijifunza haraka. Alikuwa na mikono ya kazi, hilo hakuna aliyemkatalia.

Kila asubuhi alipomaliza, Ulimi aliingiza kichwa ndani ya tangi na tochi. Akapitisha kidole kwenye maungio, akakinusa, akakigusa ulimini.

"Rudia," alikuwa akisema.

Naye alirudia. Wiki za mwanzo palikuwa na sababu: utando kidogo kwenye kona, sabuni iliyobaki kwenye koki. Bia ikazidi kuwa nzuri, na hoteli iliyorudisha kreti arobaini ikawa inaagiza kwao, mapipa yaleyale, ladha ileile, kila Alhamisi. Wapishi wa miji mingine walikuja kuuliza siri yake ni nini, na Ulimi aliwaambia ukweli, kwamba ni usafi, na kurudia jambo lilelile kwa namna ileile bila kuchoka.

Asubuhi moja ya mwezi wake wa pili kazini, tangi lilikuwa safi kuliko lilivyotoka kiwandani. Aliangaza tochi kila mahali. Kidole hakikutoka na kitu, na pua haikupata kitu. Ulimi wake, ambao haukuwahi kumdanganya, haukukuta chochote ila maji.

Alitoa kichwa. Mumewe alikuwa amesimama pembeni, ameegemea mpini wa brashi, maji yakimtiririka kiunoni. Bi Chupa, aliyekuwa akipanga mapipa nyuma yao, alisimamisha mikono.

"Je?" mumewe aliuliza.

Ulimi alizima tochi.

"Rudia," alisema.

Mumewe alimtazama machoni, na Ulimi akaona kwamba anajua tangi ni safi. Kisha mumewe akavuta ndoo ya maji ya moto, akainama, akaingiza mabega yake ndani ya tangi, na brashi ikaanza tena kukwaruza bati.